Wafilipi 4:13 ni ahadi ya kufaulu mtihani?

Swali: Wapendwa, "Nayaweza mambo yote" hunukuliwa sana kabla ya mitihani. Na mwenye shaka aombeje?

Jibu 1: Anza kusoma mstari wa 10. Paulo yuko kifungoni, anasema "nimejifunza kuwa radhi". Amejifunza, hakuamka nako. Mstari wa 12 unataja kushiba na kuona njaa. "Mambo yote" ndiyo hayo. Ukiukata wa 13 ukaubandika kwenye kioo cha daladala, njaa inabaki nje.

Jibu 2: Kuhusu shaka, Marko 9:24, baba aliyemletea Yesu mwanawe mgonjwa anasema: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Omba hivyohivyo, usijipake rangi. Baba yule hakufukuzwa, mwanawe aliponywa.

Jibu 3: Amen mtumishi. Ila kuridhika si kukataa msaada: mstari wa 14 Paulo anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake.