Mrejesho: Regyuleta ya gesi iliyokuwa ikipandisha presha usiku

Niliuliza kwa nini regyuleta inayoshusha gesi asilia kutoka bar 60 hadi 10 (bar ni kipimo cha presha) inapandisha presha taratibu wateja wakizima mitambo usiku. Asanteni sana wakuu. Kiti laini cha valvu, yaani sehemu ambayo valvu hukalia ili kuziba gesi, kilikuwa na alama ya mchanga uliokandamizwa, kwa hiyo gesi ilipenya hata regyuleta ikiwa imefunga.

Mchangiaji aliyedhania kuwa chanzo ni barafu ndani ya regyuleta alikuwa na hoja: gesi hupoa takriban nusu nyuzi kwa kila bar inayoshuka, hivyo hapa ni kama nyuzi 25. Lakini barafu husumbua matumizi yakiwa makubwa, si usiku.

Laini ya akiba ilibeba mzigo, valvu za kuingilia na kutokea zikafungwa kwa kufuli na lebo, presha ikatolewa. Hapa msiharakishe. Geji ikisoma sifuri, funga tundu la kutolea, subiri dakika kumi. Sindano ikipanda, valvu ya kufungia inavuja. Usiguse nati hata moja.

Oringi (pete za mpira za kuzibia) nazo zimebadilishwa zote. Mpira hufyonza gesi chini ya presha kubwa, na presha ikiachiwa ghafla huvimba na kupasuka kwa ndani.

Mzizi wa tatizo ni elementi ya filta (kichujio) iliyochanika, ikapitisha mchanga; bila kuibadilisha, kiti kipya kingeharibika vilevile. Baada ya kufunga, tulifungua gesi polepole, tukapaka maji ya sabuni kwenye fulenji (maungio ya bomba) kuangalia uvujaji, tukafunga upande wa kutokea: presha ilipanda hadi bar 10.4, ikatulia hapo, yaani regyuleta sasa inafunga vizuri.