Mwenye nyumba akitaka kuhamia nyumba yake: notisi ya mwezi yatosha?

Hoja: Mpangaji wa Migosi, Kisumu, analipa kodi ya 14,000 kila tarehe 5, bila mkataba wa maandishi. Tarehe 12 Machi amepewa barua: mwenye nyumba amestaafu, anarudi, anaitaka nyumba kufikia 12 Aprili. Ni haki?

Wakili wa Kondele
Kumwondoa anaruhusiwa, tarehe ndiyo imemponyoka. Bila mkataba, huo ni upangaji wa mwezi kwa mwezi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinataka notisi isipungue kipindi kimoja cha kodi, tena iishe siku ya kulipa kodi. Mwezi kutoka 12 Machi ni 12 Aprili, na siku ya kodi inayofuata ni 5 Mei. Mpangaji ajibu kwa maandishi, aitaje 5 Mei, abaki na nakala, na aendelee kulipa kwa M-Pesa ili ujumbe uwe ushahidi. Akigoma kulipa, atakuwa amempa mwenye nyumba kesi nyingine, na hiyo atashindwa.

Ejenti, Nakuru
Sawa, 5 Mei. Lakini wengine hapa wanadai miezi sita! Mtu amejenga mtaani Section 58 kwa mkopo wa sacco, sasa yeye mwenyewe apange mtaa wa Lanet nusu mwaka akingoja mgeni ajisikie kuondoka? Mwezi unatosha. Nyumba hazijaisha mjini.

Mama wa Nyalenda
Kwa bedsita, labda. Kwa familia piga hesabu: kodi ya kwanza na dipositi hudaiwa kabla ya ufunguo, na dipositi ya zamani hairudi mpaka nyumba ikaguliwe. Kwa nyumba kama hiyo ni 28,000 taslimu, pikapu ya vyombo haijaingia. Na mtoto wa Gredi ya 9 hahamishwi shule katikati ya muhula. Miezi mitatu ni adabu tu, si upendeleo.

Wakili wa Kondele
Mnabishania muda, na mimi naona tatizo liko kwenye sababu. Kwa nyumba kama hii sheria haimdai mwenye nyumba sababu yoyote. Akisema "nahamia" kisha mwezi ujao akampangisha mwingine kwa 18,000, mpangaji hana pa kushika. Linganisheni na duka lenye upangaji unaolindwa na Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa: notisi ni ya fomu maalum, inataja sababu, haianzi kazi kabla ya miezi miwili, na mwenye duka akidai analitaka mwenyewe lazima akusudie kukaa humo si chini ya mwaka. Muuza mitumba wa soko la Kibuye analindwa kuliko mtoto anayelala Migosi. Hilo ndilo la kubadilisha.

Ejenti, Nakuru
Na nyumba za bei ya chini?

Wakili wa Kondele
Kodi halali, yaani ile inayokubalika kisheria kwa nyumba hiyo, isiyozidi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sura ya 296, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Huko mwenye nyumba hupitia jopo la kodi, na jopo lazima lione ni jambo la busara kumtoa mpangaji. Ila kiwango hicho kimeachwa nyuma na bei. Hata mtaa wa Kaptembwo huko Nakuru, vyumba vingi vimekipita.

Ejenti, Nakuru
Basi malizeni mambo kwenye mkataba. Mimi huandika hivi: "Mwenye nyumba akitaka kuhamia atatoa notisi ya miezi miwili, akiipangisha tena kabla ya mwaka, atamlipa mpangaji aliyetoka kodi ya mwezi mmoja." Wenye nyumba hunung'unika, kisha hutia sahihi. Na kama mkataba ni wa mwaka usio na kifungu cha kuuvunja, asubiri uishe. Kustaafu kwake hakuufuti.

Mama wa Nyalenda
Wengine hawasubiri. Wanang'oa mlango, wanakata maji.

Wakili wa Kondele
Bila amri ya korti hilo ni kosa hata notisi ikiwa imeisha. Piga picha siku hiyohiyo, tafuta shahidi wa plotini, ripoti polisi upate nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha omba zuio la muda kortini. Dipositi isikuzuie kutoka tarehe yako ikifika: kagueni nyumba pamoja, andikeni usomaji wa mita, kabidhi ufunguo kwa sahihi. Asiporudisha, mwandikie barua ya madai, halafu nenda mahakama ya madai madogo. Husikiliza hadi shilingi milioni 1, na wakili si lazima.