Dodoma hadi Guangzhou: mnapimaje umbali na muda wa safari?

Mchuuzi wa Majengo: Wakuu, habari za jioni. Nafuata mzigo Guangzhou, natokea hapa Dodoma. Naona njia tatu: Air Tanzania moja kwa moja kutoka Dar, kupitia Addis Ababa, au kupitia Dubai. Nimepima kwa rula kwenye ramani ya ukutani, Dubai naona kama mzunguko mkubwa. Nyie mnapimaje?

Zabibu Chungu: Rula weka pembeni mkuu. Ramani ya ukutani ni dunia ya duara iliyotandazwa, kwa hiyo safari ndefu inazidanganya. Tafuta tufe la shuleni, kaza uzi kati ya Dar na Guangzhou, halafu upime huo uzi na uzidishe kwa skeli ya tufe. Utapata kama kilomita 8,700. Huna tufe? Google Earth ina kipimo kinachofuata mpindo wa dunia. Hakikisha unaanzia kiwanjani kwenyewe, siyo katikati ya mji.

Mama Nkuhungu: Nimeingia Google Earth sasa hivi. Dar–Addis 1,760, Addis–Guangzhou 8,040, jumla 9,800. Dar–Dubai 3,980, Dubai–Guangzhou 5,830, jumla 9,810. Mzunguko wa Dubai uko kwenye rula yako tu, mwanangu 😂

Kipanga: Kilomita ni za kukadiria tu. Ndege kubwa inakata karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Moja kwa moja inakuja saa 10 na kidogo. Ukitaka uhakika soma tiketi, ila kumbuka saa zinazoandikwa ni za kila mji. Guangzhou wako mbele yetu saa 5, Addis tuko sawa. Tuseme umeondoka Addis 23:50, umetua 14:20 kesho yake. Hapo ni saa 14 na nusu, toa 5, umekaa angani saa 9 na nusu.

Na tarehe! Tiketi ikiandika 02:30 ya tarehe 14, hiyo ni saa nane na nusu usiku, uwanjani unaenda jioni ya tarehe 13. Kuna jamaa alitinga na mabegi alfajiri ya 14, ndege iko katikati ya bahari.

Mchuuzi wa Majengo: Duh. Basi nikate ya moja kwa moja yaishe?

Mama Nkuhungu: Haraka ya nini? Anza kuhesabu mlangoni kwako. Ndege ya Dodoma–Dar ni kama saa moja, lakini za ndani zinatumia Jengo la 2 na za nje Jengo la 3, mabegi utayahamisha mwenyewe. Treni ya SGR hadi Dar ni saa tatu na nusu hadi nne, halafu ukutane na foleni ya Barabara ya Nyerere. Ukipita Addis unaongeza kilomita 1,100 tu angani, saa moja na robo hivi. Kinachokula muda ni kusubiri kuunganisha. Na ya moja kwa moja haiondoki kila siku. Ukilala gesti Dar siku mbili kuisubiri, wa Addis ameshaanza kuzunguka sokoni.

Zabibu Chungu: Mama kamaliza. Mimi kwanza naangalia kilo za mizigo wanazoruhusu, saa baadaye.

Kipanga: Nyongeza: muda wa kurudi usiuchukulie sawa na wa kwenda. Huko juu upepo unavuma sana kutoka magharibi, hivyo Guangzhou–Addis kwa kawaida inachukua muda zaidi kuliko kwenda. Ukipanga kuwahi treni ya kurudi Dodoma, jiachie nafasi.