Naomba ushauri: Kumfikisha mama Mfangano kutoka Mombasa

Binti wa Nakuru: Hamjambo wanajukwaa. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71 na magoti yanayomsumbua, atatoka Mombasa kuhudhuria harusi kisiwani Mfangano, katika Ziwa Victoria, Jumamosi saa tano asubuhi. Yeye anataka treni mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa aliipanda ya Kisumu akiwa msichana. Mimi naona ndege ni afadhali. Nipangeje?

Mzee wa Stesheni: Dada, SGR (treni ya reli ya kisasa) ya Mombasa huishia Syokimau, pembezoni mwa Nairobi, ilhali treni ya Kisumu hupita reli ya zamani na huanzia stesheni kuu ya jijini, kwa hiyo itambidi kuhama na mizigo yake. Isitoshe, treni hiyo iliporejea Desemba 2021 ilipangiwa kuondoka Nairobi Ijumaa jioni na kufika Kisumu asubuhi ya Jumamosi. Kwa ratiba hiyo, atakuta watu wameshakula pilau. Tena ni usiku kucha kitini.

Jirani wa Ziwa: Nakubaliana na mzee, ila nyote mmeruka sehemu ngumu, ambayo ni maji. Ndege ya Nairobi hadi Kisumu haimalizi hata saa moja, lakini uwanja wa Kisumu bado uko mbali na Mfangano. Unaweza kupitia Bondo hadi Luanda K'Otieno na kuvuka kwa feri hadi Mbita, mji wa bara wa kupandia boti la Mfangano, au kuzunguka kwa gari kupitia Ahero, Kendu Bay na Homa Bay. Kwa mgonjwa wa magoti ningezunguka, kwani hatasubiri feri. Laleni Mbita Ijumaa, kisha mpande boti la kwenda Sena, kisiwani Mfangano, mapema, kabla ya upepo wa alasiri kuinua mawimbi. Hakikisha amefungiwa jaketi la kuokoa maisha, hata kama wengine wameyakalia kama mito. Uliza pia boti litatia nanga wapi: lisipofika gatini, vijana hubeba abiria mgongoni hadi nchi kavu, na si kila mama atakubali kubebwa akiwa na nguo ya harusi.

Binti wa Nakuru: Hilo la mgongoni sikulifikiria kabisa! Basi atapanda ndege Alhamisi, apumzike Kisumu, nami nitamkuta huko kwa gari. Treni je, ataipata wakati wa kurudi?

Mzee wa Stesheni: Ya kurudi ilipangiwa Jumapili jioni. Thibitisha stesheni kabla ya kulipa, maana mvua kubwa huweza kukatiza reli.