Naomba ushauri: mbegu za msaada kwa kikundi chetu, Kasulu

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mahindi na maharage, Kasulu. Shirika moja la misaada, likishirikiana na kampuni ya mbegu, linataka kutupa bure mahindi yanayostahimili ukame. Wazee wamegoma, wanasema ni GMO, yaani mbegu zilizobadilishwa vinasaba maabara. Najua mradi wa WEMA, wa mahindi yanayostahimili ukame Afrika, uliwaunganisha Gates Foundation na kampuni ya mbegu ya Monsanto, na majaribio yake ya GMO kule Makutupora, Dodoma, yakasitishwa, ila mradi huo ulitoa pia chotara za kawaida, yaani mbegu za kuchanganya aina mbili za mahindi bila GMO. Bwana shamba kasema tu tupande. Mkataba hautaji hata jina la mbegu, na hilo ndilo linaninyima usingizi.

Je, lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, inatosha kututoa wasiwasi? Na tudai kifungu gani kabla ya kusaini, ili tubaki huru kupanda mbegu zetu za asili?