Kikundi cha Ukoo wa Babu Hamza: breki za 109

JUMATATU

[06:12] Dada Rehema: Assalaam alaykum familia. Wazee shikamooni. Naomba msome mpaka mwisho, msiishie juu. Athumani jana kafungua magurudumu yote manne ya Land Rover 109 ya Babu. Hali si nzuri. Harusi ya Zuhura ni Jumamosi ya wiki ijayo na bibi harusi anashuka na gari hilo Lushoto mpaka Korogwe. Leo tuongee breki. Rangi na maua baadaye.

[06:13] Dada Rehema: Athumani tuma picha

[06:58] Athumani Fundi: 📷 Picha 4

[07:03] Athumani Fundi: Shikamooni wazee. Ya kwanza ni wili silinda ya mbele kulia, ile silinda ndogo inayosukuma viatu vya breki. Huo weusi unaong'aa ni mafuta ya breki, yamevuja yakaloweka lainingi, ile ngozi ya kiatu inayosugua. Lainingi ikishalowa hivyo hata uioshe na petroli haifai tena, ni kutupa. Ya pili drami ya nyuma, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, imechimbika mfereji, ukipitisha kucha inakwama. Ya tatu hosi, paipu laini ya mafuta, ngozi imepasuka. Ya nne hendibreki

[07:40] Juma: Ya nne nimedhani sufuria ya Shangazi baada ya pilau la Maulidi 😂😂

[08:15] Shangazi Mwajuma: Juma nakuona. Sufuria yangu haijawahi kuungua, muulize mama yako

[08:19] Mama Juma: Haikuungua wifi. Ilishika kidogo tu chini

[08:20] Shangazi Mwajuma: Ilishika???

[08:31] Dada Rehema: Jamani. Breki.

[09:05] Dada Rehema: Nimeongea na Athumani jana mpaka usiku, nawaeleza kama alivyonieleza. Gari ni la 1974, laini yake ya breki ni moja. Masta silinda moja, ile iliyo kwenye pedali, inasukuma mafuta magurudumu yote manne kwa njia moja. Hosi moja ikipasuka, pedali inalala chini na hakuna gurudumu hata moja linaloshika. Hakuna la mbele, hakuna la nyuma. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu, Mombo iko chini kule kwenye joto, na katikati ni kona kilomita thelathini na kitu. Pembeni unajua wenyewe kuna nini. Mimi simpandishi Zuhura humo.

[09:06] Dada Rehema: Tulichangisha 850,000 ya rangi na kushona viti. Naomba yote iende kwenye breki. Nani anapinga aseme sasa.

[11:47] Dada Rehema: Watu 31 mmesoma. Hakuna aliyejibu.

[12:20] Binamu Saidi: Nipo kikaoni

[12:22] Mama Zuhura: 🙏🏾

[13:02] Baba Mdogo Bakari: Rehema mwanangu usiwatie watu hofu. Gari hilo linapanda na kushuka mlima huo toka sijaoa. Marehemu alikuwa anapampu mara mbili linashika. Rangi ndiyo watu watakayoiona kwenye picha.

[13:09] Athumani Fundi: Shikamoo Baba Mdogo. Kwa heshima. Breki ya kupampu ni breki inayoomba msaada. Ama viatu vimelika viko mbali na drami, ama kuna upepo kwenye paipu. Hili lina vyote viwili

[13:14] Athumani Fundi: Halafu mafuta. Nimeyatoa yamekuwa rangi ya kahawa. Mafuta ya breki yananyonya unyevu hewani. Aina ya DOT 4 yakiwa mapya yanahimili nyuzi 230 kabla ya kuchemka, yakishakunywa maji kiwango chake kinashuka hadi 155. Ukishuka kona za Soni umekanyaga muda wote drami zinakuwa moto, mafuta yanachemka ndani ya silinda, yanatoa mvuke. Mafuta hayabanwi lakini mvuke unabanwa. Unakanyaga, mguu unakwenda, gari haliitiki

[13:15] Juma: Basi tufunge nanga nyuma kama jahazi 😂

[13:15] Juma: Au Zuhura ashuke na bodaboda, shela anamshikia dereva

[13:17] Zuhura 💍: Juma nyamaza mimi silali tayari

[13:30] Baba Mdogo Bakari: Marehemu alikuwa anashuka na gia ile ile aliyopandia. Hakanyagi breki ovyo. Tatizo madereva wa leo.

[13:34] Athumani Fundi: Hapo umesema kweli kabisa Baba. Gia ya pili, injini ndiyo ishike. Lakini ng'ombe akitokea kwenye kona gia haitakusaidia

[13:41] Dada Rehema: Na siku ya kabichi je Baba Mdogo? Gia ilikuwa ya ngapi?

[13:41] Binamu Saidi: 👀

[13:44] Shangazi Mwajuma: Rehema. Mambo ya kabichi tulishakubaliana hayaletwi humu.

[13:52] Baba Mdogo Bakari: Kabichi ilibebwa kwa ruhusa.

[13:53] Dada Rehema: Ruhusa ya nani? Babu alikuwa hospitali ya Bombo amelazwa.

[13:55] Baba Mdogo Bakari: Ujumbe huu umefutwa

[13:58] Mama Juma: Niliusoma

[14:00] Shangazi Mwajuma: Basi!! Tuna harusi

[18:26] Kaka Salimu 🇬🇧: Familia za jioni. Nimetoka kazini sasa hivi nimeona ujumbe 70. Athumani kwa nini tusiweke breki za diski mbele badala ya drami? Huku Birmingham vifaa vya kubadilisha vipo, na kiwanda cha Solihull kilichozitengeneza kiko hapa jirani, wazee wengi huku bado wanazitunza. Mimi natua Dar Jumanne ijayo, nakuja navyo kwenye sanduku.

[18:49] Athumani Fundi: Kaka Salimu diski ni nzuri, sikatai. Hazichoki kwa joto kama drami, na ukivuka mto zinakauka haraka. Lakini muda. Mbele inabidi nifungue mpaka nako, kile kifundo cha gurudumu, nijue rimu zetu zitapita kwenye kalipa, kile kibano cha diski, au zitagusa. Na diski bila servo, kile kisaidizi cha mguu, pedali inakuwa nzito, mama hawezi kuliendesha. Halafu siku pedi zikiisha nitazipata wapi hapa? Lainingi ya drami nabandika kwa ribiti Tanga siku hiyo hiyo

[18:55] Athumani Fundi: Mimi ombi langu ni hili. Drami zibaki. Za 109 ni inchi 11, kubwa, na mbele kila gurudumu lina silinda mbili, kila kiatu kinasukumwa na yake. Zikiwa nzima zinashika vizuri sana. Niletee masta silinda ya laini mbili pamoja na servo, ile ya Land Rover Series III za mwishoni. Mbele njia yake, nyuma njia yake. Moja ikivuja nyingine inabaki. Injini yetu ni petroli kwa hiyo mvuto wa kuendesha servo tunautoa kwenye manifoldi, paipu za kuingiza hewa kwenye injini, hakuna pampu ya kuongeza kama dizeli

[19:02] Kaka Salimu 🇬🇧: Sawa nimeelewa. Ila ile seti ina mabano yake ya pedali tofauti, na nikinunua lazima nijue ni ya 109, ya 88, lile fupi, haiingiliani. Nipimie.

[19:04] Dada Rehema: Asante Salimu. Hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike. Athumani pima kesho asubuhi.

[19:05] Dada Rehema: Na Salimu ongeza wili silinda sita mpya, nne za mbele mbili za nyuma, na hosi zote. Usiniletee za kurekebishwa.

[19:20] Shemeji Hashimu: Samahani nimeingia nimechelewa. Kitenge cha sare ni kile cha bluu au cha njano?

[19:21] Mama Zuhura: Njano

[19:21] Mama Juma: Tulisema bluu

[19:22] Mama Zuhura: Bluu ni upande wa bwana harusi

[19:48] Dada Rehema: 🤲🏾 Ya Rabi nipe subira

[20:10] Athumani Fundi: Jambo jingine nimesahau. Hendibreki ya hizi haishiki magurudumu, inashika shafti inayokwenda nyuma. Sili ya transfa, ile giaboksi ndogo ya pili, imekufa, oili yote imeingia kwenye viatu. Nikiweka vipya bila sili ni kazi bure. Na yeyote atakayeendesha asiivute gari likitembea, inaweza kukata shafti ya ekseli. Ukiegesha mlimani weka jiwe

[20:12] Athumani Fundi: Na kijana wangu hapa alitaka kupuliza vumbi la breki kwa kompresa nimemzuia. Nimepanguza kwa kitambaa chenye maji

[20:31] Dada Neema (nesi): Umefanya la maana sana Athumani. Lainingi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, lile vumbi likiingia kifuani linakaa miaka. Na kitambaa usikitupe jalalani watoto wakachezea, kifunge kwenye mfuko.

[20:33] Athumani Fundi: Sawa dada

JUMANNE

[07:15] Dada Rehema: Athumani vipimo?

[09:50] Dada Rehema: Athumani?

[10:22] Athumani Fundi: Dada nimepima kwa macho tu. Boneti imefungwa na kufuli, ile ya marehemu. Ufunguo anao Baba Mdogo, alikuja usiku akafunga

[10:23] Dada Rehema: Alikuja usiku???

[10:40] Binamu Saidi: Lo

[10:58] Baba Mdogo Bakari: Gari la baba yangu siwezi kuliacha wazi gereji. Na sijakubali lipasuliwe. Mnaleta vyuma vya Ulaya mnang'oa vya marehemu. Mimi ndiye niliyebaki nalo nyie mlipokwenda mijini.

[11:02] Dada Rehema: Baba Mdogo hakuna anayesema hukulitunza.

[11:03] Baba Mdogo Bakari: Umesema kabichi mbele ya watoto.

[11:04] Shangazi Mwajuma: Nyote wawili

[14:36] Asha (kwa Bibi): Shikamooni. Bibi kanifanya nimsomee ujumbe wote toka jana. Kasema niandike maneno yake kama alivyoyatoa nisiongeze.

[14:41] Asha (kwa Bibi): "Marehemu aliniambia gari hili lisiuzwe. Hakuniambia lisitengenezwe. Masta silinda hiyo mnayoililia aliibadilisha mwenyewe mara mbili, vyuma vya mwanzo viliisha zamani. Mjukuu wangu hapandi gari ambalo dereva wake anapiga dua kila kona. Rangi iacheni. Bakari, ufunguo ulete nyumbani kwangu. Na ya kabichi nilishasamehe, asiyesamehe aje aniambie mimi."

[14:42] Mama Zuhura: 😭😭

[14:42] Mama Juma: Sawa mama

[14:43] Binamu Saidi: Sawa Bibi

[14:45] Shangazi Mwajuma: Tumesikia mama

[14:50] Zuhura 💍: Ahsante Bibi ❤️

[15:10] Dada Rehema: Nimesikia Bibi. Baba Mdogo naomba radhi kwa lile neno.

[15:11] Juma: Nami natoa 50,000 ya mafuta ya breki. Kweli sitanii

[21:37] Baba Mdogo Bakari: Shikamoo mama. Nimesikia.

JUMATANO

[06:30] Dada Rehema: Asubuhi njema. Nimehesabu. 850,000 ya rangi imehamia breki, Juma 50,000, mimi naongeza 150,000. Seti ya Salimu analipa nusu yeye, nusu sisi. Bado pungufu ya lainingi, kuchonga drami, na sili ya transfa. Saidi ulisema uko kikaoni toka Jumatatu.

[06:44] Binamu Saidi: Mwisho wa mwezi dada

[06:45] Dada Rehema: Harusi ni kabla ya mwisho wa mwezi Saidi.

[07:30] Athumani Fundi: Drami za nyuma nazipeleka Tanga leo kwa mwenye mashine ya kuchonga. Akisema zimelika kupita kiasi sitakubali achonge, drami ikiwa nyembamba inapata moto upesi. Hapo tutatafuta nyingine

[07:38] Athumani Fundi: Naomba mjue hesabu ya siku. Kaka anafika Jumanne, vifaa vinanifikia Jumatano. Alhamisi nafunga, nabana viatu viguse drami ndipo natoa upepo, naanzia nyuma kushoto kule mbali na masta. Ijumaa lazima nishuke mpaka Soni na kurudi bila abiria, lainingi mpya zilale kwenye drami, nipime drami ipi imezidi joto kuliko mwenzake. Siku hiyo nisiitwe na mtu wa maua

[07:39] Dada Rehema: Umesikika. Ijumaa gari ni la Athumani peke yake.

[07:52] Mama Zuhura: Lakini Ijumaa ndiyo linapambwa

[07:53] Dada Rehema: Litapambwa Jumamosi asubuhi.

[07:55] Mama Zuhura: Mpambaji anakuja toka Moshi, analipwa kwa siku

[08:10] Shangazi Mwajuma: Na dereva ni nani? Mimi nilidhani Bakari

[08:11] Dada Rehema: Nilidhani Athumani

[08:12] Mama Juma: Bwana harusi kasema ana mtu wake

[08:13] Athumani Fundi: Yeyote sawa, ila aje Ijumaa nimwoneshe. Huko mbele viatu vimepangwa kushika gari likienda mbele, likirudi nyuma mlimani breki za mbele hazina nguvu. Asiyejua ataogopa

[09:40] Dada Rehema: Ufunguo umefika kwa Bibi?

[11:15] Asha (kwa Bibi): Bado

[11:16] Asha (kwa Bibi): Bibi kasema msimpigie, atakuja mwenyewe

[13:25] Shemeji Hashimu: Kwa hiyo kitenge njano eeh? Niko dukani

[18:04] Kaka Salimu 🇬🇧: Nimepata mzee mmoja huku ana seti kamili ya 109, usukani wa kulia, pamoja na mabano ya pedali. Anaifunga kesho saa sita anaondoka. Nilipe au nisubiri vipimo? Na paipu ya kutoka manifoldi kwenda servo nije nayo?

[18:05] Dada Rehema: Athumani

[18:05] Dada Rehema: Athumani jibu, yuko tayari kulipa

[18:31] Juma: Athumani bado yuko Tanga, simu imezima chaji. Nipo naye stendi. Drami moja imekubali, nyingine mchongaji kaikataa