Nimelipishwa tozo ya bosi wa Australia, na risiti imeandikwa "ushauri"

Wadau, niiteni mjinga mkitaka, lakini someni kwanza.

Mimi ni makanika wa dizeli. Mwaka wa tisa huu niko gereji ya malori Industrial Area, Nairobi, upande wa Lunga Lunga. Mwezi wa pili nikaona tangazo: Australia inataka mafundi wa dizeli, viza ya kazi ya miaka minne, mdhamini yuko tayari. Ofisi yenyewe iko Tom Mboya Street, orofa ya tatu, lifti imekufa tangu enzi za mababu. Ukutani leseni ya uwakala kwenye fremu, kando yake picha ya kangaruu. Leseni si bandia. Ningeona ni bandia ningeshuka ngazi zile zile nikaenda zangu.

Dada wa mapokezi akanisukumia karatasi ya gharama. Mstari wa kwanza "udhamini", shilingi 180,000, utalipa viza ikitoka. Wa pili "tozo ya mafunzo Australia", 400,000, unalipa sasa. Wa tatu "tangazo la kazi", 25,000. Nikauliza, dada, haya mafunzo nitafunzwa wapi? Akajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Kaka, ni pesa ya serikali ya huko. Kila mtu hulipa."

Nikalipa hiyo ya pili. Mkopo wa sacco 250,000, chama cha mama watoto 90,000, na ng'ombe wa mama kule Mwala 60,000. Risiti ninayo hapa mezani. Imeandikwa "ada ya ushauri". Ushauri gani wa laki nne?

Sasa ngoja niwaambie nilichosoma, usiku mmoja tu, kwenye tovuti ya wizara ya mambo ya ndani ya Australia, bure, kwa bando la shilingi hamsini. Viza ni ile ya 482, ambayo tangu 7 Desemba 2024 wanaiita Skills in Demand. Ina hatua tatu, na mbili za kwanza si zako wewe fundi. Ni za mwajiri. Aombe kuidhinishwa kuwa mdhamini, dola 420 za Australia, na akipata idhini inakaa miaka 5. Halafu ateue nafasi ya kazi anayotaka kukupa, dola 330, na hapo hapo alipe tozo ya mafunzo: dola 1,200 kwa kila mwaka wa viza kama biashara yake haifikishi mauzo ya dola milioni 10 kwa mwaka, 1,800 kama inafikisha. Kabla ya hapo awe ametangaza kazi kwao wiki nne akikosa mtu. Mzigo wako wewe ni hatua ya tatu, viza yenyewe. Hiyo sina neno, nilipe.

Zidisha 1,200 mara nne. Dola 4,800. Badilisha kwa shilingi: laki nne na kidogo. Yaani hawa watu hawakubahatisha! Walichukua tozo ya bosi, wakaipigia hesabu vizuri kabisa, wakaniandikia mimi. Na sheria ya kule inasema mwajiri haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi hiyo tozo kwa njia yoyote. Mstari wa tatu nao, tangazo, ni kazi ya nani kama si ya mwajiri?

Nikapanda ngazi tena. Safari hii nilidai nambari ya uteuzi, kwa sababu bila hiyo maombi ya viza hayaendi popote. Wakanitolea karatasi ya kuonyesha kampuni imeidhinishwa kuwa mdhamini. Sawa, imeidhinishwa. Hilo linamaanisha inaweza kuleta mtu. Halimaanishi imeniteua mimi. Barua yangu ya kazi yenyewe inasema mshahara dola 61,000 kwa mwaka, na kiwango cha chini cha viza hii kilipandishwa hadi 76,515 tarehe 1 Julai 2025. Uteuzi wa namna hiyo ungepita wapi? Waliniambia pia lazima niwe na uzoefu wa miaka mitano, ati wanisaidie "kupanga barua" kwa elfu kumi na tano. Kinachotakiwa ni mwaka mmoja wa kazi ndani ya miaka mitano iliyopita! Mimi nina tisa!

Kilichonichoma zaidi hiki hapa. Nilipotaja polisi, mkubwa wao akatoka ofisi ya ndani, mpole, akanipa kiti. "Kaka, ukienda kusema umenunua udhamini, wewe ndiye utaharibu jina lako huko." Nikadhani ananitisha. Nikaenda kusoma. Wadau, ana chembe ya ukweli. Kule kudai pesa ili umdhamini mtu ni kosa, unaweza kufungwa. Lakini na anayetoa pesa au kuahidi kutoa anaweza kupigwa faini, na viza yake kufutwa. Kwa hiyo mwizi anakuibia kisha anakuonyesha kifungu kinachokufunga mdomo. Ndiyo maana orofa ya tatu hakuna anayelia kwa sauti. Sote tumekaa kwenye viti vya plastiki na bahasha mapajani.

Na walioko huko nao wanatishwa vivyo hivyo. Jamaa yangu yuko Perth, bosi wake anamwambia kila wiki akiacha kazi ana siku 60 tu aondoke nchini. Hiyo ni sheria ya zamani. Tangu 1 Julai 2024 ana siku 180 kwa mpigo kutafuta mdhamini mwingine, jumla zisizidi 365 katika viza yote. Nilimtumia kiungo, akanipigia usiku wa manane akicheka peke yake.

Pesa zangu nazitaka. Nimeandika barua ya madai, nimetaja "ada ya ushauri" kama walivyoiandika wao, na nimewapa siku saba wanionyeshe ushauri niliopewa. Leo ni siku ya tano. Dada wa mapokezi ameniwekea alama mbili za bluu na kimya.

Kama kuna mwingine humu aliyepewa karatasi yenye ile mistari mitatu, hata kama hajalipa, aniandikie kando. Usiweke jina la ofisi hapa. Mama jana ameniuliza viza imefika wapi, kwa sababu jirani yule aliyemnunua ng'ombe anasema ng'ombe huyo ana mimba.